Krimu ya Chunusi Kichwani Mwangu

Kinyozi wangu ndiye aliyeona kwanza. Nilikuwa nimeketi kwenye kiti chake pale Makadara, macho nimeyafumba kwa raha ya Jumamosi, mara mashine ikazimwa kabla hajafika hata utosini.

"Buda," akasema, "hii kitu uko nayo huku nyuma ni nini?"

Akanishikia kioo kidogo nikione kisogo changu. Nyuma ya sikio la kushoto palikuwa na duara tupu, kama vile mtu amepitisha kitambaa chenye maji akazifuta nywele. Hapakuwasha wala hapakuuma. Nilipopagusa, ngozi ilikuwa nyororo kama ya mtoto mchanga.

"Ni mapunye," kinyozi akasema, akirudi nyuma hatua moja. "Usikasirike bro, lakini siwezi kumaliza. Hii mashine inaguza vichwa za watu wengi."

Nilitoka pale nimenyolewa upande mmoja, nimejifunika kofia ya sufu jua likiwa kali.

Mimi ni mpishi. Wakati huo nilikuwa fundi wa chapati katika hoteli ndogo karibu na mahakama. Watu waliokuja kusikiliza kesi za jamaa zao walikuwa wakinywa chai na chapati zangu kabla ya kuingia kortini, na wengi walirudi kula tena hata kesi ikiwa imewaendea vibaya. Mwenye hoteli alikuwa mama wa makamo kutoka Busia, mtu wa kanisa, mkali sana kwa mambo ya usafi. Aliniita mdogo wake.

Lile duara lilipata wenzake. Moja likatokea utosini, jingine juu ya paji la uso. Hayo niliyafunika kwa kofia ya kazi. Kisha nusu ya unyusi wangu wa kulia ikapukutika asubuhi moja nilipokuwa nikinawa uso, nikaziona nywele zimeganda kwenye kiganja na povu la sabuni. Unyusi hauna kofia.

Siku chache baadaye mteja alirudisha sahani bila kuigusa. Nilikuwa pale pale kwenye jiko, nikamsikia.

"Huyo mtu anayepika ako na ugonjwa gani?"

Mama mwenye hoteli aliniita nyuma, kwenye magunia ya makaa. Hakupaza sauti.

"Mdogo wangu, nenda utibiwe hayo mapunye. Ukipona, rudi."

"Na nisipopona, Mama?"

Aliangalia chini. "Utapona tu. Mungu ni mwema."

Nikavua aproni nikamkabidhi, nikatembea hadi nyumbani Mowlem kwa miguu. Sikutaka mtu yeyote akae karibu nami aone.

Nilijitibu mapunye kwa kila nilichoambiwa. Nilimeza vidonge vya kuua kuvu. Nilijisugua kitunguu saumu mpaka nyumba nzima ikanuka. Jirani alinipa magadi na limau, nikapaka, kichwa kikawaka moto. Mama yangu alipiga simu kutoka Vihiga akaniuliza kama nina uhakika hakuna mtu aliyeokota nywele zangu sakafuni kwa kinyozi. Nikamwambia sijui. Nilianza kufikiria nani angeziokota, na ninaona aibu kusema ni majirani wangapi niliowashuku katika fikira zangu.

Mke wangu alinyamaza. Huyu ni mwanamke anayeuza mboga sokoni, anayebishana na madalali alfajiri na kuwashinda, lakini sasa alikuwa anazunguka nyumbani bila neno. Niliona taulo yangu imetundikwa kwenye msumari wa peke yake, mbali na zao. Jumapili moja tulipotoka kanisani alisimama njiani, akamwambia binti yetu atangulie kidogo, kisha akanigeukia.

"Baba watoto, kesho twende tupimwe. Sisi wawili."

Nilijua anachomaanisha. Mtaa mzima ulikuwa umeshasema hivyo, isipokuwa sisi. Tukaenda. Muuguzi alipotuambia kwamba sote wawili hatuna virusi vya Ukimwi, mke wangu aliketi kwenye benchi la nje akalia kwa sauti, akijifunika uso kwa leso. Nilifurahi, lakini furaha haikukaa. Kama si hicho, basi ni nini kinachonila?

Muuguzi yule ndiye aliyetuelekeza kliniki ya ngozi. Daktari alikuwa msichana mdogo kwangu, mpole. Aliiangalia ngozi ya kichwa kwa lenzi yenye taa, akazivuta taratibu nywele za ukingoni.

"Hii si mapunye, na haiambukizi," akasema. "Ni mwili wako wenyewe unaopigana na mashina ya nywele. Hujakosea chochote."

"Itaisha?"

"Kwa wengine nywele zinarudi zenyewe. Kwa wengine zinarudi, halafu zinaanguka tena. Siwezi kukudanganya."

Dawa ambayo angependelea kunipa ilikuwa sindano za kichwani, lakini siku zile hazikuwepo kliniki. Akafikiri kidogo, akasema kuna krimu ya asidi ya azelaiki. Kazi yake hasa ni kutibu chunusi na madoa ya uso, ila kuna watu wachache waliojaribiwa nayo kwa ugonjwa kama wangu na baadhi yao wakaota nywele. Alirudia neno hilo, wachache. Mimi nilisikia "wakaota nywele" tu.

Kwenye duka la dawa, binti wa kaunta aligeuza ile tyubu mkononi.

"Hii ni ya chunusi. Ni ya msichana wako?"

"Ni yangu. Ni ya kichwa."

Alinitazama kofia, akanifungia bila swali jingine.

Mke wangu ndiye aliyenipaka. Niliketi kwenye stuli karibu na dirisha, yeye akasimama nyuma yangu, akaniwekea tone la krimu nyeupe kwenye kila duara na kulisambaza kwa kidole. Mara ya kwanza niliruka. Ilichoma kama umeguswa na mtu aliyetoka kukata pilipili.

"Tulia," akasema. "Hata kuzaa kunauma." Yalikuwa maneno yake ya kwanza ya utani baada ya wiki nyingi.

Kila asubuhi nilimwomba aangalie. "Kuna kitu?" Hakuna. "Angalia vizuri, geukia kwenye mwanga." Hakuna. Nilianza kumwona kama ananificha nywele zangu. Akishaondoka kwenda sokoni, nilijipaka tena mwenyewe, na mchana tena, nyingi, nikisugua kwa nguvu, kwa sababu niliamini kwamba kinachochoma ndicho kinachofanya kazi. Ngozi ikawa nyekundu, kisha ikababuka, kisha ikatoa majimaji. Mito yetu ikawa na madoa. Mke wangu alipoona, alinipokonya tyubu akaitia kwenye mkoba wake wa sokoni.

"Unataka kujichuna?"

"Nataka kazi yangu!" Nilipiga kelele mpaka majirani wakanyamaza upande wa pili wa ukuta. "Nataka uso wangu!"

Binti yetu alikuwa mlangoni na sare ya shule. Alikuwa darasa la kwanza, na mimi ndiye niliyekuwa nikimpeleka tangu nikose kazi. Alisubiri nitulie, kisha akasema polepole, akimtazama mama yake, "Leo Mama anipeleke."

"Kwa nini, mama?" nikamuuliza. Tumezoea kumwita hivyo, ana jina la mama yangu.

"Shuleni wanasema nitashikwa na ugonjwa wako."

Nilikaa kitandani siku hiyo yote. Sikula. Niliwaza mambo ambayo mtu mwenye mtoto hapaswi kuwaza. Mke wangu aliporudi alinikuta vilevile nilivyokuwa, akaacha kapu la mboga hapo hapo mlangoni, akaja akaketi nami bila kuwasha taa, mkono wake juu ya kichwa changu chenye vidonda.

Tulirudi kwa daktari. Alinigombeza, akaniambia niiache krimu mpaka ngozi ipone, kisha nianze tena kidogo kidogo. Tukafanya hivyo. Wakati huo nilianza kupika chapati nyumbani alfajiri, na mke wangu akawa anazichukua kwenye ndoo yenye mfuniko kuwauzia mafundi wa ujenzi barabarani. Mpishi hakuonekana. Zilipendwa, na kila sifa aliyoniletea ilinichoma, kwa sababu hazikuwa zinauzwa kwa uso wangu.

Kisha siku moja karibu na dirisha kidole chake kikasimama.

"Subiri."

"Nini?"

"Subiri, nimekwambia." Akanigeuza kichwa. "Zipo. Nyeupe. Kama za mzee."

Nyuma ya sikio la kushoto palikuwa na manyoya laini, meupe. Nilipiga magoti sakafuni. Tulicheka, tukalia, tukampigia mama yangu simu. Kabla mwezi haujaisha, unyusi wa kushoto nao ukaanguka wote.

Nilimuuliza daktari kama ni krimu iliyozirudisha zile za nyuma. Akasema hajui, huenda ni krimu, huenda zingerudi zenyewe. Nilitaka sana aseme ni krimu. Mpaka leo ningependa kuliamini hilo.

Mama mwenye hoteli nilimwendea nikamweleza kwamba ugonjwa wangu hauambukizi. Alinisikiliza hadi mwisho, akaniletea chai. Kwenye jiko langu alikuwa amesimama kijana mwingine, anageuza chapati. "Wateja hawasomi mambo ya daktari, mdogo wangu," akasema. Nilikunywa ile chai yote, maana sikuwa na nguvu ya kuinuka.

Halafu mke wangu akaugua homa, akashindwa kusimama, na ndoo ilikuwa imeshajaa. Niliketi nikakitazama chakula kikipoa. Mwishowe nikaibeba ndoo mwenyewe.

Mafundi walikuwa wamekaa juu ya mbao. Mmoja wao, mtu mzima mwenye vumbi la saruji mpaka kwenye kope, aliniuliza, "Mama chapo yuko wapi?"

"Ni mgonjwa. Mimi ni mumewe. Mimi ndiye ninayepika."

Wakanitazama. Joto lilinizidi, nikaivua kofia. "Ni ugonjwa wa nywele," nikasema. "Hauambukizi. Natumia dawa. Anayetaka ale, asiyetaka asile."

Wawili waliinuka wakaenda kwenye kibanda cha ng'ambo. Yule mtu mzima alinyoosha mkono wake.

"Leta mbili," akasema. "Chai iko?"

Chai haikuwepo. Nikamwambia kesho nitakuja na birika.