Raketi ya Mtani

Baba yake Mwalimu Sixbert alikuwa Mngoni aliyetoka Songea kuja kukata mkonge karibu na Mingoyo. Akaoa huko huko, akazeeka huko huko, na alipokufa aliwaachia watoto wake vitu viwili tu, panga na utani. Panga lilikula kutu. Utani ulibaki, maana Mngoni anayeishi katikati ya Wamwera hamalizi siku bila kuitwa mporaji wa kuku, na yeye hujibu kwamba asingekuwa mporaji kama babu zao wangesimama wapigane badala ya kuingia kwenye mashimo ya muhanga.

Mtani wake hasa alikuwa Abilahi, Mmwera wa Rutamba, mpimaji kwenye ghala la korosho mjini Lindi. Walijuana katika ukumbi uliojengwa zamani na Wahindi wa mji kwa ajili ya harusi na michezo yao. Wengi wao walipohama, mlinzi aliwaachia wafanyakazi wa maofisini wautumie jioni kwa mpira wa vinyoya. Sakafu ilikuwa ya saruji, wavu umetiwa viraka vya nyavu za dagaa, na wapita njia walisimama mlangoni kuwacheka watu wazima wanaopigiana manyoya ya bata. Wacheke tu. Mtu aliyeshinda mchana kutwa akiandika "Yah:" juu ya karatasi za serikali ana haki ya kukitwanga kitu chochote jioni.

Abilahi hakuwa mgeni wa mchezo, wala hakuwa bingwa. Alikuwa wa kati, na hapo katikati alikuwa amejenga nyumba kabisa. Aliujua uwanja, aliziona nafasi, miguu yake ilifika. Tatizo lilikuwa mkono. Ulichelewa kidogo, ukapiga kinyoya karibu na ukingo badala ya katikati ya nyuzi, na kila alipokosea Sixbert alimwuliza kama anafukuza nzi. Abilahi alijibu kwa kumnyang'anya kitu: leo kalamu, kesho taulo, mara moja baiskeli, akaipanda hadi kwake na kukaa nayo mpaka Sixbert alipokwenda kuikomboa kwa jogoo. Hawakuwahi kuambiana neno tamu hata moja. Yustina, karani wa ardhi aliyecheza nao, alikuwa akisema kwamba wawili hawa wangekuwa mume na mke, majirani wangehama.

Kisha ikaja miaka ya ruksa. Maduka yaliyokuwa yakiuza vumbi na chumvi yakajaa bidhaa kutoka Dubai, watu wakanunua sabuni bila kupanga foleni, na katika furaha ile ile ghala la korosho likapata wenyewe wapya. Wenyewe wapya walikuja na mizani yao na wapimaji wao. Abilahi akaambiwa amepumzishwa, neno lililotungwa na mtu ambaye hajawahi kukosa kazi.

Juma lile lile raketi yake ikavunjika shingo. Ilikuwa ya chuma, ya zamani sana, na tayari ilikuwa imemharibu kiwiko, hata usiku alikuwa hawezi kuinua kikombe kwa mkono wa kulia. Akaacha kuja ukumbini. Sixbert alicheza na wengine, akawashinda, na hakuna aliyemtukana. Aliona jioni zake zimekuwa ndefu. Alikuwa anamtaka mtani wake arudi, na alijua Abilahi asingenunua raketi wakati nyumbani anapima unga.

Akaenda dukani kwa Abdulwahab, ambaye alizitundika raketi kati ya chupa za chai na miavuli.

"Chukua hii nyeusi, Mwalimu," alisema Abdulwahab. "Vijana wa Dar wote wanaitaka hii. Ni ya mabingwa."

Sixbert aliishika. Ilikuwa nzuri, hilo halina ubishi. Uzito wote ulikaa kichwani, shingo ilikataa kupinda, nyuzi zilikazwa hadi zikilia ukizigusa kwa ukucha. Mwenye mkono wa haraka angeua nayo. Lakini raketi ya namna hiyo haimsaidii mtu. Inafanya alichokifanya yeye, basi. Ukipiga katikati, kinyoya kinakwenda kama risasi. Ukikosea kwa upana wa kidole, kinafia wavuni, na mtikisiko wote unaingia kwenye kiwiko. Kwa muda akafumba macho pale dukani, akamwona Abilahi akichelewa, kama kawaida yake, na raketi nyeusi ikimwadhibu.

Akairudisha msumarini, akaomba nyingine, na nyingine tena. Kila moja aliiweka juu ya kidole aone inaegemea wapi, kichwani au mpinini. Alishika ncha mbili akapinda shingo polepole. Alibonyeza nyuzi kwa kiganja. Alirusha mkono hewani mpaka Abdulwahab akaanza kuzihamisha chupa za chai. Mwisho alipata moja ya kijani, nyepesi, ambayo uzito wake haukulemea upande wowote. Shingo yake ilipinda kidogo na kurudi, kwa hiyo ingemwongezea nguvu mtu ambaye bega lake limechoka. Kichwa hakikuwa cha duara. Juu kilikuwa kipana, karibu cha mraba, hivyo hata kinyoya kilichopigwa kando kingepata pa kuangukia. Nyuzi zilikuwa na ulegevu wa wastani. Aliona mpini ni mwembamba kwa vidole vya Abilahi, akaamua atauzungushia kitambaa kwanza.

"Hiyo ni ya wanawake," alisema Abdulwahab. "Rangi yenyewe huioni?"

"Si yangu," alisema Sixbert.

Akailipia bila hata kuomba kupunguziwa. Nyumbani akakata ukanda wa shati lake la zamani la flaneli, akauzungusha kwenye mpini, akaushika kwa mkono uliokunjwa kama wa Abilahi, akaufungua, akauzungusha upya. Kama kuna mtu aliyewahi kumpenda mwenzake, basi Sixbert alimpenda Abilahi jioni ile. Ila mtani hampi mtani zawadi kwa maneno mazuri. Ukimpa kwa maneno mazuri umemfanya mtu baki, na kila Mngoni na kila Mmwera anajua hivyo.

Akamtuma Yustina amwite, kwa kisingizio kwamba mechi ya wawili wawili imepungukiwa mtu. Abilahi akaja, amekonda, kanyoa ndevu vizuri. Ukumbi ulikuwa umejaa. Sixbert akaitoa raketi mgongoni, akaiinua watu wote waione.

"Haya, Mmwera, nimekuletea raketi ya vikongwe na vipofu. Hii hata ukipiga kwa ubavu, kinyoya kinavuka, maana waliitengeneza kwa ajili ya mtu asiyejua kulenga. Na kwa kuwa wamekupumzisha, sasa huna udhuru. Jifunze."

Watu walicheka. Wangeachaje kucheka? Kwa miaka mingi walikuwa wamewazoea hivyo. Hata mlinzi alicheka mlangoni.

Abilahi hakucheka. Alijifuta viganja kwenye suruali, akaipokea raketi kwa mikono miwili, akainamisha kichwa kidogo.

"Ahsante sana, Mwalimu," alisema. "Mungu akuzidishie."

Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, na Sixbert alijua pale pale kwamba amejikwaa. Angetukanwa angelala usingizi. Asante ya punda ni mateke, na asante ya mtani ni matusi. Lakini hii ilikuwa asante kamili, yenye dua ndani yake, asante anayopewa mfadhili. Wala hakumwita Mngoni. Alimwita Mwalimu, kama mzazi aliyefuata matokeo ya mwanawe shuleni.

Kisha wakacheza. Abilahi alicheza vizuri kuliko alivyowahi kucheza. Vinyoya alivyovichelewa vilivuka, vilivyoguswa kando vilivuka, na kiwiko hakikumsumbua. Raketi ilikuwa imechaguliwa sawasawa kabisa. Sixbert alipodai kinyoya kimeanguka nje, na hakikuanguka nje, Abilahi alisema "sawa" akampa pointi. Baada ya mchezo akawapa watu wote mkono, akaondoka. Haukupita muda akafunga mizigo na mkewe Mwahija, wakarudi Rutamba kulima.

Msomaji atauliza kwa nini Sixbert hakumfuata akamwomba radhi. Ni swali la mtu asiye na mtani. Kwa mtani hakuombwi radhi; ukiomba, umekiri kwamba yalikuwa matusi tangu mwanzo, na vilevile yote ya nyuma yanageuka matusi. Dawa ni moja tu, kumwachia akunyang'anye kitu, kikubwa kama hasira yake, kisha ukakomboe na mcheke. Kwa hiyo Sixbert akafanya alichokijua. Alinunua kofia ya pama, mpya, nzuri kupita kiasi kwa mwalimu wa shule ya msingi, akaenda nayo Rutamba.

Alipokelewa vizuri mno. Abilahi alimtolea kiti chenye egemeo, akaketi yeye kwenye kigoda. Mwahija akaleta muhogo wa nazi na samaki. Wakaulizana habari za mvua, za mikorosho, za shule. Sixbert akaiweka kofia juu ya mkeka, karibu na mkono wa Abilahi, akasema akiitazama dari kwamba huku Wamwera wamejaa wezi, mtu hawezi kuacha kitu. Abilahi akatabasamu kwa adabu. Alipoaga, Sixbert aliiacha kofia pale makusudi, akatembea polepole kuelekea barabarani. Akasikia hatua nyuma yake.

"Mwalimu," alisema Abilahi, akihema, "umesahau kofia yako."

Alikuwa ameifuta vumbi.

Sixbert aliivaa akarudi Lindi. Alikwenda tena mara nyingine, na mara nyingine tena, na kila mara akapewa kile kiti chenye egemeo mpaka akakichukia. Mwisho akaacha kwenda, akijidanganya kwamba ni kazi. Ukumbi nao ulifungwa baada ya muda, mtu akaukodi kuwa bohari ya mitumba.

Habari ya msiba aliletewa na Yustina darasani, mbele ya wanafunzi. Abilahi alikuwa ameugua homa, akazikwa siku ile ile aliyofariki. Sixbert akapanda gari la mizigo akafika Rutamba siku ya kuanua tanga. Pazi, kaka mkubwa wa marehemu, alimpokea kwa mikono miwili.

"Karibu, Mwalimu. Karibu ukae na wageni."

Akakalishwa mkeka mmoja na watu wa heshima. Uani, Mngoni mwingine, Valentini mwenye mashine ya kusaga, alikuwa akifanya kazi ya mtani. Alikuwa amevaa kanzu ya marehemu, akitembea kama marehemu alivyotembea, akikohoa kikohozi chake, akiwadai wafiwa chumvi na kuwaita wachoyo. Watu walicheka huku machozi hayajakauka, na hata ndani, kwa wanawake, kicheko kilisikika. Kisha Valentini akaingia chumbani akatoka na raketi ya kijani. Akaanza kupiga hewa, akichelewa, akikosea, akijishika kiwiko. Nyuzi za katikati zilikuwa zimekatika zamani na kufumwa upya kwa mshipi wa kuvulia. Kile kitambaa cha flaneli mpinini kilikuwa bado kipo, cheusi kwa jasho.

"Hiyo alikuwa haiachi," Pazi alimnong'oneza. "Alifunga kamba kwenye mikorosho, jioni anacheza na mkewe. Mtoto yeyote akiigusa, ugomvi. Alisema kuna mtu Lindi aliyemchagulia, na kwamba hata mama yake mzazi hakuujua mkono wake namna ile."

"Alisema mtu gani?"

"Alisema mwalimu mmoja. Si wewe?"

Sixbert alifungua kinywa ajibu, badala yake akalia. Alilia kwa sauti, mtu mzima, mabega yakitikisika, mbele ya uwanja mzima. Kule kwao mtani halii msibani; akilia wenzake humrukia pale pale, humpaka majivu usoni na kumtoza kuku, na asiye na kuku huvuliwa shati. Valentini alisimama na raketi mkononi akamtazama. Sixbert akasubiri. Alikuwa tayari kutoa kuku, kutoa mbuzi, kuvuliwa vyote alivyovaa.

"Mpisheni mgeni apate hewa," alisema Valentini, akageukia upande wa pili kuendelea na kazi. Pazi akamletea maji ya kunawa uso, kwenye bakuli safi, na kitambaa kilichokunjwa.