Pikapu Iliyobeba Jeneza

Pikapu ilikuwa ya mwanangu, lakini mtaani kwetu Temeke ilijulikana kwa kubeba jeneza. Akifa mtu, watu msikitini walinitazama mimi, nami nilimtazama yeye. Hakuwahi kukataa, alhamdulillahi.

Injini ilipochoka tuliipeleka kwa fundi wa Chang'ombe. Wakati huo mwanangu alikuwa ameanza kushindana kwenye mbio za magari za nje ya mji. Fundi akatueleza kwamba anaweza kuisuka upya kwa namna mbili: ya barabarani itavumilia foleni, joto na mafuta ya kituo chochote, na nguvu itaongezeka kidogo. Ya mbio ni kali zaidi, ila nguvu yake yote inakuja ikikimbizwa.

"Mwendo wa polepole haiuwezi, mzee wangu. Inazima, inachemka."

"Na jeneza?" nikauliza.

Mwanangu akacheka. "Baba, kwani maiti hapendi kuwahi?"

Fundi naye alianza kucheka, akaniona uso, akainamia spana zake.

"Mie nimebeba maiti wa mtaa mzima," mwanangu akasema, sasa bila mzaha. "Kitu kimoja tu nataka kiwe changu."

Gari lilikuwa lake. Nikamwambia achague, nikaenda kuswali adhuhuri. Alichagua ya mbio.

Haikupita muda akafariki bibi wa jirani, aliyemfundisha mwanangu alifu na be. Tulipakia jeneza kama kawaida. Njia ya makaburini ni nyembamba na watu walijaa mbele, wakitembea. Pikapu ikanguruma, ikazima. Ikawaka, ikazima tena. Kisha mvuke ukatoka kwenye boneti.

"Shusheni!" mtu akasema, na jeneza likapanda mabegani.

Mwanangu aliacha mlango wazi akaingia chini ya jeneza, upande wa mbele. Desturi yetu ni kupokezana kila hatua chache. Yeye hakutaka kupokewa.

"We kijana, toka! Thawabu za peke yako hizo?" wakamtania. Hakugeuka. Shingo yake ilikuwa imelowa, na sikujua kama ni jasho.

Tuliporudi, pikapu ilikuwa imepoa.

"Fundi alisema," akaniambia.

"Alisema," nikamjibu, nikaufunga mlango aliouacha wazi.

Injini ile ingali imo. Namshukuru Mungu kwa mabega ya watu, na kwa mwanangu anayerudi mzima kutoka mbioni. Ila siku hizi akifa mtu, msikitini macho yananipita, wanaulizana nani ana kirikuu, kigari chochote kidogo cha mizigo, cha kubebea jeneza.