Dada Alifanana na Ugonjwa Gani

Miaka ile ya foleni za sukari nilikuwa nafundisha hesabu sekondari, nikiishi mtaa wa Gerezani, Kariakoo, na dada yangu na shangazi yetu. Dada alikuwa hapati usingizi. Alificha sabuni ndani ya godoro, akisema majirani wanamchungulia. Hilo halikunitisha, Kariakoo nzima ilikuwa inaficha sabuni, na balozi wa nyumba kumi alikuwa anachungulia kweli. Kilichonitisha ni kwamba aliacha kula.

Tukampeleka kwa daktari mmoja wa Msimbazi aliyeamini namba. Kila dalili aliigawa mafungu matatu: kiasi gani ipo, kiasi gani haipo, na kinachobaki ni kile tusichokijua. Kisha alizilinganisha namba za mgonjwa na za magonjwa mawili, wazimu na huzuni iliyopitiliza, aone anafanana zaidi na upi. Akifanana na wazimu, dada angepandishwa treni kwenda hospitali ya wagonjwa wa akili huko bara, na mtaani kwetu hatukumjua mtu aliyerudi kutoka huko.

Mimi kipimo kile nilikipenda. Shangazi hakukipenda. Kwetu mkubwa ndiye anayemsemea mgonjwa, na kusema hujui habari za mtoto uliyemlea ni kujiaibisha. Kwa hiyo yeye ndiye aliyejibu kila swali, na fungu la tatu lilibaki sifuri mwanzo hadi mwisho. Anasikia sauti? Ndiyo. Amefiwa? Hapana.

Nilikagua hesabu mwenyewe. Haikuwa na kosa: wazimu. Daktari akachukua kalamu aandike ruhusa ya treni.

Hapo dada akasema taratibu, "Daktari, hilo la kufiwa niulize mimi."

Shangazi akamwambia anyamaze. Mtoto wa dada alikuwa amefariki kabla ya arobaini, na kwetu kichanga hakikaliwi matanga. Kinazikwa, watu wanarudi kazini. Shangazi hakudanganya. Kwake ule haukuwa msiba. Mimi niliumia, maana mimi ndiye niliyembeba mtoto yule kwenda makaburini, na bado ile hapana niliihesabu kama ilivyo.

"Umefiwa?" daktari akamuuliza dada.

"Mwanangu. Hizo sauti ni yeye, analia. Najua hayupo. Namsikia tu."

Daktari akarudia hesabu. Safari hii dada alifanana na mtu mwenye huzuni. Akampa vidonge, akaturuhusu kurudi naye nyumbani.

Tulipofika, Shangazi akatandika mkeka uani, akamkalisha dada, akatoka kwenda kuwaambia majirani kwamba tumefiwa.