Kanisa Tulilolivunja Wenyewe

Kanisa letu la zamani lilikuwa juu ya mwinuko, kando ya mto Tana, si mbali na Garsen. Waliolijenga hawakupachagua mahali pale kwa uzuri wake. Waliujua mto. Kuta zilikuwa za matofali ya kuchoma, nene kiasi kwamba nilipokuwa mdogo niliweza kukaa dirishani na kukunja miguu bila kugusa upande wa nje. Madirisha yalikuwa membamba, yenye matao juu, na ya upande mmoja yote yalitazama mtoni ili upepo uingie. Ukiinua macho uliona boriti za mikoko zilizopandishwa kwa mitumbwi kutoka Kipini, nyeusi kwa uzee.

Mama ndiye aliyenifundisha kulisoma jengo lile. Bibi yake alikuwa mmoja wa wanawake waliokanyaga udongo wa matofali na kubeba kuni za tanuri. Kitabu cha misheni kinasema kanisa lilijengwa na wazungu. Kila aliposikia hivyo mama alicheka kwa pua.

Mwaka mmoja mto ulifurika ukameza mashamba, na kijiji kizima kikahamia kanisani. Majirani zetu Waorma nao wakaja na ndama wao. Wako waliotaka kuwazuia, lakini mama, aliyekuwa kiongozi wa kwaya, akaufungua mlango kwa mikono yake. Mwanamke mmoja wa Kiorma, aliyezoea kutuletea maziwa, alishikwa na uchungu humo ndani. Wanakwaya wakamzungushia kanga nyuma ya mimbari, akajifungua salama mtoto wa kike.

Miaka ikapita. Mjomba wangu, mdogo wake mama, akastaafu kazi Mombasa, akarudi nyumbani na kuchaguliwa mwenyekiti wa kamati ya kanisa. Hakumaliza hata msimu mmoja wa mvua kabla hajasema kanisa lile linatia aibu. Alitaka jipya, la kisasa, kule chini kando ya barabara, ambako wapita njia wangeliona. Matofali ya la zamani yangevunjwavunjwa yawe kifusi cha kujazia msingi.

Katika mkutano mama alisimama.

"Ukuta una ufa mmoja tu," alisema. "Unazibika. Na kule chini maji hufika, mnajua."

"Dada, keti," mjomba akamjibu. "Unataka wajukuu wako wasalie kwenye gofu?"

"Nataka wasalie mahali pakavu."

Watu wakacheka. Mjomba hakucheka. Alisema akina mama wamesikilizwa, sasa tupige kura. Mikono ikainuka, hata ya wanakwaya ambao mama aliwafundisha kuimba. Mimi niliketi kando yake na kuitazama mikono ile. Mpaka leo nikikutana na wenyewe sokoni najikuta naitazama mikono kwanza, kabla ya uso.

Siku ya kuvunja, mama alikataa kwenda. Nilikwenda mimi. Matofali hayakutaka kuachana. Vijana walipiga nyundo mpaka wakavua mashati. Tulipokuwa hapo yule mama wa maziwa akapita, akasimama, akaweka kibuyu chake chini.

"Hii nyumba nyinyi navunja?" akamwuliza mjomba. "Mimi nazaa mtoto hapa ndani."

"Tunajenga nyingine, mama. Nzuri zaidi."

Yule mama aliangalia vumbi, akamwangalia mjomba, akachukua kibuyu chake akaondoka. Hakutuletea maziwa tena.

Kanisa jipya lina kuta nyembamba na madirisha ya vioo vya kusukuma. Kufika katikati ya ibada joto linakuwa kama la jikoni. Siku ya kulifungua, mgeni wa heshima alisoma historia: wamisionari walikuja, wamisionari wakajenga, na sasa wenyeji nao wamejenga la kwao. Mama alikuwa mstari wa mbele. Aliinuka pole pole, akapita katikati ya watu wakiwa bado wanapiga makofi, akatoka. Tangu siku hiyo akawa anakwenda kusali katika kanisa la Tarasaa, mbali na kwetu, akiamka mapema na miguu yake mibovu, na huko hakuimba kwaya. Aliketi nyuma kama mgeni.

Mto ulipofurika tena, maji yaliingia katika kanisa jipya hadi kwenye madhabahu. Tulihamishiwa mahemani juu ya tuta la barabara. Mwinuko wa zamani ulibaki mkavu, mtupu, bila paa la kumkinga mtu na mvua. Mama alipata homa katika hema lile, kifua kikambana. Hakurudi nyumbani.

Kwenye mazishi mjomba aliomba kusema neno. Alilia kweli, sitamsingizia. Kisha akasema, "Dada yangu alilipenda sana kanisa letu jipya."

Nilimshika mkono mbele ya watu wote. "Mjomba, hakulipenda," nikasema. "Alikwambia maji yatafika."

Mchungaji akaanzisha wimbo haraka. Shangazi mmoja akanivuta nikae, akanong'ona kwamba maiti haizikwi kwa ugomvi. Nilikaa. Mjomba bado ni mwenyekiti. Anakusanya michango ya kuinua sakafu ya kanisa, na juzi alimtuma mtu kwangu kuuliza familia yetu itatoa nini. Nilimwambia yule mjumbe kwamba familia yetu ilishatoa matofali.