Simba Jike wa Kidato cha Tatu

Siku yangu ya kwanza kazini niliripoti katika sekondari ya serikali huko milimani Rungwe, nikiwa na sanduku la bati na viatu vilivyolowa matope. Mkuu wa Taaluma, yaani mwalimu anayesimamia ufundishaji wote wa shule, alinipokea akiwa amesimama.

"Wewe ndiye mwalimu wa Kiingereza?"

Nikasema ndimi.

"Basi andaa azimio la kazi kabla ya Ijumaa. Na darasani usicheke mpaka wakuzoee."

Azimio la kazi ni mpango wa mada za muhula mzima, wiki kwa wiki. Bila hilo, mkaguzi akija, mwalimu huna pa kujificha. Azimio nililiandaa. Hilo la kutocheka lilinishinda mapema.

Ilipokuja miaka ya soko huria, sekondari binafsi zilianza kuota kila kona. Wazazi wa kwetu Mwaya, chini kando ya ziwa, nao walichanga matofali na mpunga, wakajenga ya kwao, kisha wakaniomba nishuke nikawafundishie watoto wao. Nilishuka. Mkuu wa Shule alikuwa mstaafu mpole, aliyependa kila jambo liishe kabla ya chakula cha mchana. Aliyekuwa na sauti hasa ni Mwenyekiti wa Bodi, mfanyabiashara wa vitenge na sabuni aliyekuwa akivuka mto Songwe kwenda Malawi kila mara. Binti yake, Zuhura, alikuwa darasani kwangu, Kidato cha Tatu.

Darasa hilo lilikuwa kimya ajabu. Nikiuliza swali kwa Kiingereza, vichwa vinainama. Watoto walikuwa wamechekwa sana kwa kuchanganya r na l, na kwa kuchomekea Kinyakyusa pale neno lilipopotea. Vitabu vya kiada, vile vinavyofuata mtaala, vilikuwa vichache, benchi zima likigombania kitabu kimoja. Kulikuwa pia na maboksi ya vitabu vya msaada kutoka ng'ambo, vya chuo kikuu, na Mkuu wa Shule alishaanza kuwapa akina mama wafungie maandazi. Nilichungulia boksi moja nikakuta kitabu cha Kiingereza cha zama za kati, chenye habari za wanyama. Chuoni nilikuwa nimelipenda somo hilo kuliko yote. Nikakiokoa.

Nikawaanzishia habari za simba jike. Niliandika ubaoni maneno mawili, lion na lioness, nikawaeleza kwamba Waingereza wa kale walitumia neno moja kwa dume na jike, kama sisi tunavyosema simba. Hata neno lenyewe walikuwa wamelitoa kwenye Kilatini. Lile la jike walilichukua baadaye sana kwa Wafaransa, pamoja na mkia wake, ule wa -ess.

Mvulana mmoja wa Ngonga akanyoosha mkono. "Mwalimu, kwa hiyo nao walikuwa wanaazima?"

"Waliazima sana."

"Na walichekwa?"

Nikasema nadhani ndiyo. Siku hiyo walianza kuongea.

Niliwasomea waandishi wale walivyoamini: kwamba simba jike huzaa watoto wafu, akawalinda hadi siku ya tatu, baba yao aje awapulizie pumzi wafufuke. Wahubiri wa enzi hizo waliitumia habari hiyo kuelezea ufufuko. Wasichana walikataa katakata kwamba mama aliyekesha siku zote hizo asitajwe kwa shukrani hata kidogo. Walikataa kwa Kiingereza kibovu, lakini walikataa.

Habari zikamfikia Mwenyekiti wa Bodi. Alinikuta ofisi ya walimu.

"Mwalimu, ninataka binti yangu ajue kuandika barua ya kuagiza mzigo. Nasikia mnasoma simba."

"Tunasoma, Bwana Mwenyekiti."

"Simba wa Wazungu waliokufa zamani. Kwenye bodi nitasema somo hilo lifutwe, na kama ni lazima tutafute mwalimu mwingine."

Nilikuwa nimeshaacha kazi ya serikali. Pa kurudi sikuwa napo. Lakini nikamwambia, "Karibu kwanza darasani, uone unachokifuta."

Akaja. Alikaa nyuma, kofia yake juu ya goti. Siku hiyo tulikuwa na hadithi nyingine ya zama hizo, ya simba jike aliyemchukua mtoto mchanga wa malkia, akamnyonyesha na kumlinda kisiwani, hadi malkia alipompata mwanawe. Swali langu lilikuwa: huyu simba ni mwizi au ni mama?

Walibishana. Wengi walisema mwizi. Ndipo Zuhura akasimama, msichana ambaye sikuwahi kuisikia sauti yake. Mama yake mzazi, mwenyeji wa Karonga huko Malawi, alifariki Zuhura akiwa mdogo. Aliyemlea ni mke wa pili wa baba yake, Mama Asha wa Ngonga, na kijiji kizima kilijua kwamba binti huyo hajawahi kumwita mama.

Alisema kwa Kiingereza, akikwama na kuanza upya: simba yule hakumwiba mtoto kwa mama yake, alimwondolea njaa. Malkia ni mama, na simba naye ni mama. Mtoto hakuambiwa achague.

Kengele ilipolia, baba yake alimsubiri mlangoni.

"Hayo uliyosema ni ya simba, au ni ya nyumbani?"

"Ya simba, baba." Akatazama chini. "Na ya nyumbani pia."

Mwenyekiti alivaa kofia yake akaondoka bila kuniaga. Kwenye kikao cha bodi alisema kwa ufupi, "Simba abaki. Ila barua za mzigo zisisahauliwe." Nikafundisha vyote viwili, na Zuhura aliziandika barua hizo vizuri kuliko wenzake. Siku chache baadaye Mama Asha alikuja kwangu na mchele kwenye ungo.

"Ndaga fijo, mwalimu," alinishukuru. "Jana mtoto aliniita."

Hakusema aliitwa nani. Tulikaa tukachambua ule mchele pamoja.

Nilifundisha hapo hadi nikastaafu. Sasa ninaishi mtaa wa Bondeni, magoti yananisumbua, na Jumamosi walimu vijana huja tusome Kiingereza pamoja, maana wengi wanakiogopa kama wanafunzi wao. Juzi tulisoma habari za tembo, ambaye waandishi wale wa kale waliamini hana maungio miguuni, hawezi kuinuka akianguka. Mmoja wa walimu hao, binti anayezungumza kwa kunong'ona siku zote, aliweka karatasi chini akasema mwandishi huyo hakuwahi kumwona tembo. Kisha akaendelea kueleza kwa nini anasema hivyo, kwa Kiingereza, wala hakunitazama kuona kama nimeruhusu.