Mpokea Sampuli na Bwana Shemeji

Mpokea sampuli wa maabara huchapa kwa kidole kimoja, akikibonyeza kila kitufe kama anayeua kunguni. Mfumo wa kompyuta anauita Bwana Shemeji, kwa sababu ulihamia bila yeye kuulizwa na sasa kwa kila kitu lazima uombwe kwa adabu. Lebo za chupa huzibandika kwanza kwenye mkono wa koti lake, kisha huzihamisha moja moja akinong'ona namba. Asubuhi moja Bwana Shemeji alitangaza kwamba fundi bomba ana damu isiyotosha kumshibisha mbu. Mpokea sampuli alimkumbuka fundi huyo akipanda ngazi kwa mluzi.

"Mfumo umeshapitisha jibu, mama. Tuma," mkuu wa maabara alimwambia.

"Mfumo haukumwona akipanda ngazi."

Hapo akautazama mkono wa koti lake. Simu ilikuwa imeita wakati anahamisha lebo ya fundi na ya mgonjwa mwingine, mama mwenye midomo myeupe, ambaye jibu lake lilisema ni mzima kama chuma. Alimkimbilia mama huyo, akamkuta mlangoni, mkoba begani, anaruhusiwa kwenda nyumbani.

"Dada, rudi ukae. Nimechanganya damu yako na ya mtu mwingine."

Walipimwa upya, na mama yule akalazwa saa hiyohiyo. Bwana Shemeji akataka sababu ya masahihisho: umeme, mtandao, mashine au mengineyo.

"Chagua umeme, yaishe," mkuu alimnong'oneza.

Akachagua mengineyo, akaandika: "Nilikosea mimi."