Eunike na Tumbo la Mashua

Kwa Eunike wa Akheri, mashua haijawa safi mpaka mbao za sakafu zimeinuliwa. Kule chini kabisa, kwenye ngama, yanakokusanyika maji yanayovujia ndani, ndiko anakoanzia kazi kila asubuhi kabla wageni hawajateremka kutembezwa ziwani Duluti. Hukumba maji kwa kopo, hukausha kwa tambara, kisha hupitisha kidole kona kwa kona kama mama anayekagua masikio ya mtoto.

Hakuzaliwa akiyajua hayo. Alipokabidhiwa mashua na shemeji yake Yona, mkulima wa kahawa aliyeinunua kwa ajili ya wageni, aliitunza kwa namna aliyoizoea: kama zizi la ng'ombe. Alitandaza majani makavu ya migomba chini ya sakafu yanyonye unyevu. Yalinyonya kweli. Kisha yakaoza, yakaziba vitundu vya kupitishia maji kwenye mbavu za mashua, na harufu ikapanda hadi wageni wakawa wanaziba pua.

Yona akaja, akachungulia. "Shemeji, ng'ombe wako yuko wapi? Maana zizi naliona."

"Amekwenda kunywa maji," Eunike akajibu.

"Basi asirudi. Jumamosi naibomoa, mbao ziwe meza za kuanikia kahawa."

Mashua hiyo ndiyo iliyomtoa Eunike kwenye vibarua vya kulima mashamba ya watu. Hakulia, wala hakutuma mtu kumwombea. Aliomba msaada wa kuivuta nchi kavu, akang'oa sakafu, akachokoa uozo kwa kijiti, kitundu baada ya kitundu, mpaka maji aliyomwaga mbele yakatiririka yenyewe hadi nyuma. Mbao akazisimamisha juani. Mvua ikitishia, anaifunika mashua kwa turubai. Jua likirudi, anaifunua. Majirani wakamtania kwamba amejifungua.

Jumamosi Yona alifika na nyundo. Akaingiza mkono chini kabisa, akapapasa, akautoa. Mkavu. Akaunusa. Akabonyeza ubao aliodhani umelainika; ukamgomea.

"Umepaka nini?"

"Sijapaka kitu. Nimekausha tu."

Yona akaweka nyundo chini, akainua mguu apande.

"Shemeji, matope hayo! Vua viatu kwanza."

Mwenye mashua akainama, akaanza kufungua kamba za viatu.